Tundu Lisilo na Kazi

Vielelezo vilikuwa viwili, na Koplo alikuwa ameshakipenda kimoja.

Mpelelezi Chujio alimkuta asubuhi kwenye meza ya kituo cha polisi, mgongo umepinda, vidole gumba vinakwenda kama vya mtu anayemenya kunde, ncha ya ulimi imechungulia pembeni mwa mdomo. Mfuko wa nailoni uliopaswa kuwa na kielelezo ulikuwa kando yake, mtupu. Koplo alikuwa mtu mzima, mwenye wajukuu, aliyebakiza kidogo tu astaafu. Lakini saa ile, ndani ya skrini, alikuwa panya, na nyuma yake kulikuwa na paka.

"Koplo, hicho ni kielelezo."

"Ninakikagua, afande."

"Ukaguzi unasemaje?"

"Unasema huyu paka ana akili kuliko mkuu wetu wa kituo."

Alikiweka mezani kwa huzuni. Alikuwa ameshapitisha kamba ya kiatu kwenye tundu lililotoboa kile kidude mbele mpaka nyuma, upande wa juu, ili apate kukivaa shingoni. Chujio aliichomoa kamba, akamrudishia, naye akainama kufunga kiatu.

Kidude chenyewe kiliitwa Kiganja. Ilikuwa kompyuta ndogo ya michezo, ya kushika kwa mikono miwili, kubwa kidogo kuliko kisahani cha sabuni: skrini katikati, vitufe huku na huku, betri ndani. Kilizaliwa katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji, na wazazi wake walikuwa wawili. Mmoja ni mwanamke fundi wa redio na simu, ambaye mtaa ulimwita Mama Lehemu. Mwingine ni mdogo wa mume wake, aliyeandika programu. Na kwa kuwa Mama Lehemu alimwita Shemeji, mtaa mzima nao ukamwita Shemeji, hata wale ambao kwao hajaoa mtu.

Walipomaliza kukiunda hawakuficha kitu. Michoro ya bodi, programu, vipimo, vyote waliviweka mtandaoni: achukue atakaye, aunde chake, auze, agawe. Masharti yalikuwa mawili tu. Usifute majina ya walioanza. Na ukibadilisha chochote, mabadiliko yako uyaache wazi kama ulivyokuta wazi. Basi. Watu wa miji ambayo wawili hao hawajawahi kuikanyaga walikuwa wakiunda Viganja vyao, wengine wakituma michezo waliyoitunga wenyewe. Yule panya wa Koplo alitungwa na mtu ambaye hakuna aliyemjua sura.

Kielelezo cha pili kilikuwa cheusi, kinang'aa, kimegandishwa kwa gundi pande zote ili asikifungue mtu. Hicho kilikuwa cha Kampuni. Mji mzima huiita Kampuni, hivyo tu, kana kwamba hakuna nyingine. Na ni kweli, zilizokuwapo ilishazimeza. Kampuni ndiyo iliyokuja kulalamika. Ilisema Kiganja kimeibwa kwake. Ilileta karatasi zenye mihuri, tarehe za mihuri zikitangulia siku ambayo Kiganja kilionekana mtandaoni, na ikasema kwamba Shemeji aliwahi kufanya kazi kwenye karakana yake, akatoka, na alipotoka michoro nayo ilitoka. Ukiyasoma malalamiko yale bila kuwajua walioyaandika, utawaonea huruma mpaka uwachangie nauli.

Lakini wako wanaowajua. Nyuma ya soko kulikuwa na kiwanja cha mpira ambacho hakuna aliyekumbuka kilianza lini. Kampuni ikaja na karatasi zenye mihuri, tarehe zikitangulia kumbukumbu za watu wote, na kabla vumbi la mechi halijatua uzio ulikuwa umesimama. Leo ni maegesho ya malori. Mwizi wa kuku hupigwa mawe. Mwizi wa kiwanja hupewa mkasi akakate utepe. Hayo hayamo kwenye jalada la polisi. Yamo vichwani, na huko hakuna anayeweza kuyapiga muhuri.

Mkuu wa kituo alitaka jibu kabla ofisi hazijafungwa jioni ile: ama wawili wale washtakiwe, ama jalada lifungwe. Wakishtakiwa, chumba kinatiwa kufuli, Kiganja kinapigwa marufuku, na kila aliyejiundia cha kwake anageuka mpokea mali ya wizi. Mkuu hakusema anapenda jibu lipi. Alisema tu kwamba Meneja wa Kampuni ni mtu mwenye heshima zake, kisha akalisema tena.

Chujio alichukua mifuko yote miwili. Jina lile alipewa na wezi, si na rafiki zake: walisema ukimmiminia maneno yako, majani yote hubaki juu.

*

Ukuta mmoja wa chumba cha nyuma ulimfanya asimame kabla hajamaliza kusalimia.

Ulikuwa umejaa misumari. Juu ya kila msumari kulikuwa na kitu kimoja, na kila kitu kilining'inia kimenyooka kama askari siku ya ukaguzi: mkasi mkubwa, tepu ya kupimia, rula ya mbao, koleo, bisibisi, chuma cha kulehemu na waya wake umekunjwa, kioo cha kukuzia. Juu kabisa, peke yake, ilitundikwa ngozi ya mpira wa miguu, isiyo na upepo, imesinyaa kama tunda la mwaka jana. Na katikati ya mkasi na tepu kulikuwa na msumari usio na kitu.

Nyumba ilikuwa ya mama mkwe wa Mama Lehemu, mshonaji, ambaye wote walimwita Bi Mkubwa. Ukuta wake, cherehani yake, na kwa maelezo yake mwenyewe, watu waliomo pia. Alimpokea Chujio bila kuinuka na bila kuondoa mguu kwenye kanyagio. Alisema karibu, viti viko vitatu, kile cha dirishani hakina mguu mmoja, asikikalie asije akasema alishambuliwa.

Chujio aliwahoji mmoja mmoja huku cherehani ikiunguruma. Mama Lehemu alijibu kwa utulivu wa mtu aliyezoea kutafuta ubovu wa vitu vya watu. Alieleza jinsi alivyochora bodi ya kwanza, ilivyoungua, jinsi ya pili ilivyowaka lakini ikawa inapiga kelele kama nzi kwenye kopo. Alisema Shemeji ndiye aliyeandika programu, maana yeye mwenyewe akiandika mistari kumi tu anaanza kusinzia. Shemeji akasema si kusinzia, ni kukoroma. Mama Lehemu akamwambia afande asimsikilize, huyu tangu amkute katika nyumba hii hajawahi kuosha kikombe, atajua nini kuhusu kukoroma kwa wanaofanya kazi. Waliendelea hivyo, shemeji kwa shemeji, mpaka Chujio alipokohoa.

"Na msumari huu, mama?" aliuliza.

"Wa Kiganja," Bi Mkubwa alijibu bila kuinua macho. "Ulizeni kilipo. Ninyi ndio mliokibeba."

Mama Lehemu alicheka, akaeleza. Kiganja cha kwanza kabisa kilikuwa kikilala popote: mezani, kitini, chini ya vipande vya vitambaa. Siku moja Bi Mkubwa alikuwa akinyoosha gauni la mteja, akahisi uvimbe, akaukandamiza pasi kwa nguvu zote ulainike. Haukulainika. Ulinuka. Skrini ilitoka imejikunja kama unyayo wa bata. Tangu hapo ikatolewa amri: katika nyumba hii kila chombo cha kazi kina msumari wake, na kisicho na msumari hakilali humu. Mama Lehemu akarudi kwenye mchoro, akatoboa.

"Tena kilikuwa kinaning'inia upande," Bi Mkubwa alidakia. "Mimi kitu kilichopinda ukutani kinanitia kichefuchefu. Nikamwambia mkwe wangu, kinyooshe au kitoe."

Chujio alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za mvua, akaliacha hapo. Alimgeukia Shemeji.

Alimuuliza kama amewahi kufanya kazi katika Kampuni.

"Mimi?" Shemeji alisema. "Geti lao sijawahi kulivuka, afande."

Cherehani ilinyamaza. Ilikuwa kama pumzi moja, hata uzi haukupata kulegea, kisha ikaendelea.

Shemeji alikuwa amevaa shati la kazi la rangi ya kijivu, la kitambaa kizuri, limefuliwa mpaka limepauka. Juu ya mfuko wa kifuani kulikuwa na mstatili mdogo ambao haukupauka, na kuuzunguka, ukiangalia kwa karibu, mstari wa matundu madogo madogo ya sindano. Kitu kilikuwa kimeshonwa pale, kikafumuliwa.

Chujio aliomba kuonyeshwa bomba la maji liko wapi. Shemeji alitoka kumwonyesha. Walipofika nyuma ya nyumba, mpelelezi hakugusa maji. Aliweka kidole juu ya ule mstatili.

"Nembo yao ilikuwa nyekundu au ya bluu?"

Shemeji alijitazama kifuani kama aliyeonyeshwa nyoka. Kisha mabega yakashuka.

"Bluu," alisema.

Alikiri yote, haraka, kama mtu anayetapika. Ndiyo, alifanya kazi huko, karakana ya redio zinazorudishwa na wateja, kabla Kiganja hakijafikiriwa. Aliacha kwa sababu walimwambia azipake redio mbovu mafuta ya kung'arisha na kuziuza upya. Hakuchukua hata skrubu. Lakini hakumwambia mtu nyumbani, kwa sababu siku uzio wa kiwanja uliposimama, mama yake aliapa kwamba hakuna wa tumbo lake atakayekula mkate wa Kampuni, na ile ngozi ya mpira aliitundika ukutani kama shahidi. Ulikuwa mpira wa mwisho kupigwa pale. Ulikuwa wa kaka mkubwa wa Shemeji.

"Umenidanganya mimi polisi," Chujio alisema, "kwa ajili ya kumwogopa mama yako?"

"Afande, wewe una pingu tu. Mama ana kumbukumbu."

Chujio hakucheka, ingawa ilimgharimu. Alimwambia kwamba kwa uongo ule mmoja amewasaidia Kampuni kuliko wakili wao. Karatasi zao zilisema alifanya kazi kwao, naye akakana, na sasa karatasi ndizo zinazosema kweli. Anayekutwa mwongo kwenye dogo, nani atamsadiki kwenye kubwa? Shemeji aliuliza kama lazima mama yake ajue.

Chujio alimwambia jua halijatua, bado ana muda wa kumwambia mwenyewe.

*

Ofisi ya Meneja ilikuwa ya vioo pande tatu, na upande wa nne ulikuwa na picha ya Meneja. Kutoka dirishani malori yalionekana, yamepangwa pale ambapo zamani palikuwa na goli.

Meneja alikuwa mtu wa tabasamu. Alitabasamu kwa Chujio, kwa Koplo, na kwa mifuko ya vielelezo. Alisema kinachomuumiza si hasara, ni tabia. Kwamba nchi haitaendelea kama mtu anaweza kuiba jasho la mwenzake na kuliita la wote. Koplo aliandika neno jasho, akalitazama, akapiga mstari chini yake.

Chujio alieleza utaratibu. Kielelezo cha mlalamikaji kinafunguliwa mbele ya mlalamikaji, na fundi wake ndiye atakayekifungua, ili kesho asiseme kimeharibiwa na polisi. Meneja alisema hakuna neno, akamwita Mhandisi wake.

Mhandisi alikuja: mtu wa makamo, mpole, mwenye kalamu nyingi mfukoni. Alipitisha wembe kwenye gundi, polepole, kwa mkono mzuri. Ganda likaachia. Ndani kulikuwa na bodi ya kijani, betri upande wa kushoto, spika kubwa upande wa kulia. Chujio alivaa miwani, akainama.

Alikaa ameinama muda mrefu. Meneja alianza kutabasamu upya.

Upande wa juu wa bodi, si katikati na si pembeni, bali kulia kidogo ya katikati, kulikuwa na tundu. Pana, la mviringo, kidole kidogo kingeingia. Hakuna waya uliolipita, hakuna skrubu iliyokaa ndani yake. Njia nyembamba ya shaba iliyokuwa ikienda zake kwenye vitufe ilifika pale, ikalizunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi, kisha ikaendelea na safari.

"Tundu hili ni la nini?"

"Hewa," alisema Meneja.

"Skrubu," alisema Mhandisi.

Walisema kwa pamoja, na kwa pamoja wakatazamana.

"Hewa na skrubu," Meneja alisema.

Chujio aliomba kuonyeshwa skrubu. Haikuwapo, wala kwenye ganda hapakuwa na mahali pa kuikaza. Aliomba kuonyeshwa hewa. Aliligeuza ganda jeusi mbele na nyuma, akalipitishia kidole: laini kote, hakuna tundu hata la sisimizi.

"Hewa inatoka wapi, inakwenda wapi?"

"Itakuwa hewa ya Kampuni, afande," Koplo alisema, huku akiandika. "Hiyo haitokagi nje."

Meneja aliacha kutabasamu. Alisema mambo ya kitaalamu hayaelezeki kwa kila mtu, na kwamba amezungumza na mkuu wa kituo asubuhi ileile. Chujio alimshukuru, akamwomba atie sahihi kwamba bodi imefunguliwa mbele yake ikiwa na tundu. Meneja alisoma mara ya kwanza, ya pili, akatia sahihi. Sahihi ilikuwa kubwa, ya mtu aliyezoea kusaini vya wengine.

Mhandisi ndiye aliyewasindikiza. Walipita kwenye ua, kati ya malori. Getini alikohoa.

"Samahani, afande. Wewe umeongea na wale watu. Lile tundu hasa ni la nini?"

Chujio alisimama. Koplo naye akasimama, kalamu hewani.

"Linakusumbua?"

"Tangu siku ya kwanza nilipouona ule mchoro. Nimelitafutia kila sababu nikakosa. Nilitaka kulitoa, nikaogopa. Nikasema, waliolitoboa lazima kuna kitu walikijua."

Hapo akayasikia maneno yake mwenyewe. Lori moja liliwashwa huko nyuma, likaunguruma, likazima.

"Mwenye nyumba haulizi mlango wa choo uko wapi," Chujio alimwambia kwa upole. "Maelezo utaandika hapa, au kituoni?"

Mhandisi alitazama juu kwenye vioo, ambako kulikuwa na kivuli cha mtu. Alisema kituoni, na sasa hivi kama inawezekana, maana akirudi ndani atakuta watu wa kumshauri. Alitoa kalamu zake zote mfukoni, akachagua moja, zilizobaki akamkabidhi mlinzi wa geti kama mtu anayeacha funguo. Koplo alimchukua. Vielelezo vyote viwili alibeba Chujio.

*

Bi Mkubwa alikuwa bado kwenye cherehani, gauni jingine. Mama Lehemu alikuwa akikwangua kutu kwenye redio. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti kisicho na mguu, kwa makusudi nadhani, kama mtu anayejiadhibu mapema.

Chujio alikwenda ukutani, akatoa Kiganja mfukoni, akakitundika kwenye ule msumari mtupu. Kilitikisika, kikatulia. Kilinyooka sawasawa, kimelingana na mkasi na tepu, kama kilichopimwa kwa pimamaji.

"Kwa nini tundu hukuliweka katikati?" alimuuliza Mama Lehemu.

"Betri iko kulia, afande. Kulia ni kuzito. Ukitoboa katikati, kinaangukia huko, na mama..." Alimtazama mama mkwe wake. "Nilikuwa natoboa, natundika, naambiwa bado. Natoboa bodi nyingine, natundika, naambiwa bado. Lilipofika hapo ndipo aliponyamaza."

Chujio aliomba ruhusa, akaishusha tepu kwenye msumari wa jirani. Akaitoa bodi ya Kampuni na betri yake, akaitundika pale kwenye lile tundu lake.

Ililala upande. Ililala kama mlevi aliyeegemea nguzo, kona ya kushoto inachungulia sakafu.

Cherehani ilisimama, safari hii kabisa. Bi Mkubwa aliinuka kwa mara ya kwanza siku ile, akaja akasimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni.

"Betri wameihamishia kushoto," Mama Lehemu alisema taratibu. "Wakapata nafasi ya spika. Tundu wakaliacha."

"Hawakujua ni la nini," Chujio alisema. "Kwenu lina sababu, na sababu yenyewe inaning'inia hapa. Kwao limefunikwa ndani ya ganda lisilo na tundu, halishiki skrubu, halipitishi hewa, na waya umelizunguka kwa heshima ya kitu ambacho hakuna anayekifahamu. Tarehe mtu anaweza kugonga atakayo. Tundu lisilo na kazi hakuna anayelibuni mara mbili."

Bi Mkubwa aliinamisha shingo kuufuata mlalo wa ile bodi.

"Hata kuiba," alisema, "hawakuiba vizuri."

Simu ya Chujio iliita. Koplo alisoma maelezo kwa sauti ya mtu anayesoma risala. Mhandisi alipewa michoro ya Kiganja na Meneja, imetolewa mtandaoni kama ilivyo. Aliambiwa afute majina, abadilishe rangi, afunge kwa gundi. Mihuri iligongwa baadaye, tarehe zikarudishwa nyuma, maana kulikuwa na wanunuzi wa nje walioanza kuuliza kwa nini wanunue kitu ambacho wengine wanakipata bure. Njia ya kuwajibu ilikuwa moja: kuwafanya wenye nacho wawe wezi. Mkuu wa kituo ameyasoma, Koplo alisema. Amekaa. Ameomba maji. Amesema jalada la wale wawili lifungwe, na lingine lifunguliwe, la kutoa taarifa za uongo kwa polisi. Na kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na mashaka na yule Meneja.

"Na afande," Koplo aliongeza kwa sauti ya chini, "panya wangu nilimwacha karibu na mlango wa ghala. Wasikizime Kiganja."

Mama Lehemu aliketi. Alishika ile redio yenye kutu kifuani kama mtoto. Kisha aliuliza Kampuni watafanywaje. Chujio alisema hilo la uongo ni la polisi. La kuvunja masharti ya michoro ni la mahakama nyingine, wao wenyewe ndio watakaoamua kulipeleka. Kuchukua walikuwa na haki. Kila mtu anayo. Walichota kwenye kisima cha wote, na hakuna aliyewazuia. Kosa lao ni kwamba walipomaliza kuchota walikiwekea mfuniko na kufuli, wakawaitia polisi wachimbaji.

"Mimi sitaki wafungwe," Mama Lehemu alisema. "Nataka wafungue. Ile gundi yote waitoe. Majina yetu wayarudishe. Na hiyo spika yao, ni nzuri, nimeiona. Mchoro wake wauweke wazi, na sisi tuitumie."

"Shemeji yangu," Shemeji alisema kutoka kwenye kiti chake kibovu, "watu wamekuita mwizi, wewe unatamani spika."

"Spika haikuniita mwizi."

Walicheka wote, Shemeji naye akacheka, kisha akaacha kucheka, maana Chujio alikuwa akimtazama. Jua lilikuwa limefika dirishani. Shemeji alisimama, akamgeukia mama yake, akashika mfuko wa shati.

"Mama, kuna jambo..."

"Kaa," Bi Mkubwa alisema.

"Niliwahi kufanya..."

"Mwanangu, mimi nimeshona tangu hujazaliwa. Unafumua nembo kwenye shati kwa wembe wa kunyolea, unaniletea nikushonee kifungo cha shati hilohilo, na unadhani matundu ya sindano siyaoni?" Alimvuta karibu kwa ule mfuko, akaupapasa kwa kidole gumba. "Nilikasirika siku mbili tatu. Halafu ukaacha kazi mwenyewe, bila kuambiwa. Nikasema basi, nitangoja aniambie. Umechukua muda wako."

"Nilikuwa naogopa."

"Uendelee kuogopa. Inakufaa." Akamwachia. "Kesho lete shati, nikushonee kitu hapo, pasikae wazi."

Chujio aliandika mstari wa mwisho kwenye maelezo, akawapa watie sahihi. Kiganja alikiacha kwenye msumari wake, kimerudishwa kwa wenyewe. Bodi ya Kampuni aliitoa kwenye msumari wa tepu, akairudisha mfukoni, kwa sababu sasa ilikuwa kielelezo cha jalada jipya.

Bi Mkubwa hakupenda. Alisema hiyo ingefaa ukutani. Chujio alimwambia kesi ikiisha, mahakama ikiruhusu, ataileta mwenyewe.

"Itachukua muda, mama. Unawajua."

"Ninawajua," Bi Mkubwa alisema.

Alichukua nyundo kwenye msumari wake. Alikivuta kigoda, akapanda, akakataa mkono wa Shemeji. Pembeni ya ngozi ya mpira alipima kwa jicho, akaweka msumari mpya, akaupiga. Ukuta ukaitika.

"Mama, hakuna cha kutundika bado," Mama Lehemu alisema.

"Najua." Aliupiga tena, akarudi nyuma kidogo kuangalia kama umenyooka. "Msumari hauombi chakula. Utangoja."